Trai Ambayo Sikuiona

Marehemu mume wangu, Neville Ackroyd, aliichezea klabu ya raga ya Ollerby tangu ujanani mpaka magoti yakamsaliti, na katika miaka yote hiyo alifunga trai moja tu. Sikuiona. Nilikuwa nimegeuka kuwamiminia wageni chai, na nilipogeuka tena mpira ulikuwa chini, nyuma ya mstari, Neville juu yake, mdomo umejaa damu, na wenzake wamemrundikia kama magunia ya viazi. Tangu siku hiyo, kila alipofungua kinywa kuisimulia, nilimkata kauli.

"Mimi sikuiona," nilikuwa nikisema. "Na nisichokiona mimi hakikutokea."

"Na jino langu je?" angeuliza, akinionyesha pengo. "Si niliivamia nguzo ya goli?"

"Jino uliliacha Bega la Kondoo, ulipoporomoka ngazi. Usinidanganye mie."

Naye angecheka mpaka mabega yatikisike. Neville alikuwa mtu wa maneno machache na kicheko kirefu. Ukimuuliza swali asilolitaka, alikuwa anatoka nje kwenda kuangalia kama mvua inakuja, na kwetu Yorkshire mvua huja, kwa hiyo hakurudi na jibu.

Bega la Kondoo ni baa, na ndimo klabu yetu ilimozaliwa. Vilabu vingine vina waanzilishi wa kutundikwa picha ukutani. Sisi tulianzishwa na wachimba makaa waliotoka zamu ya asubuhi na kiu yao, wakakuta ng'ombe wa mzee Dyson wamehamishwa malisho, wakasema, ah, hapa wanatosha watu ishirini na sita. Raga yetu ni ya watu kumi na watatu kila upande. Ile ya kumi na tano ni ya watoto wa madaktari. Wakija huku tunawapa chai kama mgeni yeyote, ila hatuwaombi ushauri. Wale wa mwanzo walivalia jezi bandani nyuma ya baa, wakapanda kilima kwa njia ya matope, na baada ya mechi wakarudi kuoga wote kwenye bafu moja la bati, walioshinda kwanza. Mama mkwe wangu alikuwa akisema hukuhitaji kumuuliza mumeo matokeo, ulimnusa tu.

Nguzo za goli walizisimika wenyewe. Mtu wa kawaida huchimba shimo la kufika goti. Wao walichimba la kufika kifuani, wakamimina zege na kulishindilia kana kwamba nguzo zile zingeshikilia paa la mgodi. Zilikuwa imara kuliko nyumba zetu, na nasema hivyo nikiwa nimeishi katika moja ya nyumba hizo.

Ila walisahau jambo moja. Jumamosi walicheza juu ya uwanja, na siku zilizobaki waliuchimba kwa chini. Makaa yalipita hapo hapo, na watu wanaolipwa kwa tani hawarukii makaa mazuri eti kwa sababu kuna goli juu yake. Neville alikuwa bado anacheza wakati upande wa chini, ule wa kijitoni, ulipoanza kuzama. Kwanza likawa dimbwi, kisha bwawa, kisha wakaja mabata. Katibu wa klabu wa siku hizo akaenda mgodini kwa hasira kuuliza ni mpumbavu gani aliyechimba sehemu ile, na karibu timu nzima ikaangalia viatu vyake. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na sisi tuliingia na nguzo mbili za goli.

Basi wakaugeuza uwanja. Zamani ulilala kutoka barabarani ukishuka hadi kijitoni. Wakaulaza ubavu, huku juu, ukaenda sambamba na barabara. Nguzo za chini zilikuwa zimekwisha kumezwa na bwawa. Za juu walijaribu kuzing'oa, zikawacheka. Mwisho wakazikata kwa msumeno usawa wa ardhi, majani yakaota juu yake, na kila mtu akasahau.

Mgodi wenyewe ulifungwa baada ya ule mgomo wa mwaka mzima, mwaka tuliokula supu ya kantini na kiburi. Sitausimulia, maana bado unanipandisha damu. Majengo yalikuwa yabomolewe. Chumba cha taa kilikuwa cha mbao nzuri, na wanaume wakakifungua kipande kwa kipande na kukileta uwanjani kwa trela ya trekta. Kama waliomba ruhusa, mimi sikuisikia. Ndicho kikawa jengo la klabu mpaka leo: upande huu baa, upande ule vyumba vya kuvalia, na nyuma jikoni kwangu.

Chumba cha taa ndimo kila mchimbaji alimopita kabla ya kushuka. Alichukua taa yake, akatundika ubaoni kibati chake cha shaba chenye namba. Akipanda juu, alikirudisha mfukoni. Kibati kikiwa ubaoni, mwenyewe yuko chini. Wake wa Ollerby tulijua kuusoma ubao ule kabla ya kujua kupika. Ulikuja pamoja na mbao nyingine, na ndoano zake zote, ukatundikwa nyuma ya baa, na desturi ikaota yenyewe. Mtu wa klabu akifa, mwili wake huchomwa, na majivu yake tunayazika uwanjani mahali alipopachagua, na kibati chake kinatundikwa kwenye ndoano ya namba yake. Yuko chini tena, basi. Hatuna haja ya maneno mengi.

Kibati cha Neville kilikuwa mia sita na kumi na nne, na kilipotea. Aliniambia kilimtoka mfukoni siku za ujenzi. Nilimgombeza wiki nzima, naye akaenda kuangalia mvua.

Sasa nifike kwenye jiko, maana jiko ndilo lililotugombanisha kuliko fedha, kuliko ndugu zake, kuliko hata trai. Nilikuwa nimekubali kuwapikia watu wale pai na njegere kila mechi ya nyumbani. Nilitaka kitu kimoja tu, jiko liwe chini ya dirisha, nikoroge njegere zangu huku naona mchezo. Ile ya kugeuzia mechi mgongo ilikuwa imenitosha. Lakini Neville ndiye aliyepewa kona ya jikoni kuitandika sakafu, na siku nilipofika na vipimo vyangu nilimkuta amesimama juu ya ubao wa mwisho.

"Jiko litakaa hapa," alisema, akigonga kwa kisigino.

"Hapo? Kwenye kona? Nitazame ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa?"

"Hapa."

"Neville, dirisha liko kule. Uwanja uko kule. Mechi iko kule."

"Najua mechi iko wapi, mpenzi."

"Haya niambie, kwa nini hapo?"

"Bomba la gesi," alisema.

Bomba la gesi liliingilia chini ya dirisha. Hata kipofu angelikanyaga. Alilizungusha ukuta mzima kwa mikono yake, kwa siku mbili, ili tu jiko likae pale alipotaka yeye. Nikafunga vipimo vyangu mkobani na sikumpikia chakula cha jioni.

Kila mkutano mkuu wa mwaka nilisimama nikaomba jiko lihamishwe, na kila mkutano Neville, mtu ambaye hakuwahi kuinua mkono hata kuomba maji, aliinua mkono kupinga. Watu walikuwa wanaungojea mzozo huo kama burudani. Wilf Sugden, rafiki yake wa kufa na kuzikana, alikuwa akipiga kelele kutoka nyuma, "Jamani, mpeni mama wa watu dirisha lake!" Neville alitikisa kichwa tu. Na kwa kuwa ni yeye aliyekata majani ya uwanja bila malipo, kura zilimfuata yeye. Nikakorogea njegere zangu ukutani miaka thelathini, nikisikiliza mechi kwa kelele za watu kama redio.

Lakini msinielewe vibaya, nilikuwa na furaha mle. Kulikuwa na joto, na watu walikuja na njaa wakatoka wameshiba. Neville naye alikuwa na mazoea ya kuja mapumziko ya mechi, akasimama karibu yangu na kikombe chake, kimya, akiangalia sakafu. Nilidhani anatafuta makombo.

Mapafu ndiyo yaliyomchukua, kama wengi wao. Siku za mwisho alilala kitanda cha sebuleni ili aone barabara, na jioni moja akanishika mkono.

"Niwekeni pale nilipofunga," alisema.

"Pale wapi? Mimi sikuiona hiyo."

Akacheka, akakohoa, akacheka tena. Nilimpa maji.

"Neville, nakuuliza kweli. Pale wapi? Uwanja si umegeuzwa?"

"Unapajua kuliko mimi," alisema, na akalala. Baada ya hapo hakuzungumza tena jambo la maana, ila kuomba apewe matokeo.

Nilimlilia vizuri, kisha nikamweka kwenye chombo chake dirishani nyumbani, karibu na redio. Na nilikuwa na jambo moja tu moyoni: kumzika pale alipopataka. Pale pale, wala si karibu napo. Nilimnyima trai yake kwa utani wa karibu nusu karne. Sikuwa tayari kumnyima na kaburi kwa kutojua. Mechi ya kwanza ya nyumbani ilikuwa inakaribia, na ndiyo siku tunayozika watu wetu. Nikawaita waliokuwepo siku ile. Walikuwa wamebaki wawili, Wilf na Cliff Lumb.

"Bwawani," alisema Wilf, bila kufikiri.

"Nini bwawani?"

"Alifunga upande wa chini. Nani alimpa mpira? Mimi. Tulikuwa tunateremka. Unadhani Neville angeweza kukimbia kupanda kilima, na makalio yale?"

"Acha uongo wewe," alisema Cliff. "Tulikuwa tunapanda! Ndiyo maana ilimchukua muda ule wote. Nilikuwa nyuma yake namsukuma. Nilidhani nitastaafu kabla hajafika."

"Ulikuwa umelala chini umeshika mbavu, Cliff."

"Nilikuwa namsukuma!"

"Kwa nini, wewe ni trekta?"

"Wilf," nilisema, "unaniambia nimtupe mume wangu kwa mabata?"

"Mabata hayana ubaya, Avril."

"Hakujua kuogelea!"

"Sasa hivi haitamsumbua," alisema Wilf, halafu akaona uso wangu, akavua kofia. "Samahani, shemeji. Lakini ilikuwa chini. Naapa kwa jezi."

Cliff naye akaapa kwa jezi hiyo hiyo. Nikatoka nao mpaka ukingoni mwa bwawa, nikayatazama mabata, nayo yakanitazama. Nikasema hapana. Usiku sikulala vizuri. Ikiwa ni juu, basi juu wapi? Maegesho ya magari? Majani? Tangu uwanja ugeuzwe hapakubaki hata alama ya kunionyesha.

Wiki hiyo hiyo zikaja habari njema nilizozingojea tangu nywele zangu zikiwa nyekundu. Binti yetu Janine, anayeendesha lori la mchanga na ndiye mwenyekiti wa klabu sasa, alifika nyumbani bila kubisha hodi.

"Mama, kamati imekubali. Jiko linahamia dirishani."

"Nani amepinga?"

"Hakuna wa kupinga tena."

Tukatazamana, sote wawili tukageuza macho kwenye chombo cha dirishani. Nilifurahi, sitasema uongo. Nikamwambia Neville, "Umesikia? Nimeshinda." Lakini ushindi bila mpinzani hauna chumvi.

Siku ya kuhamisha, Wilf na Cliff walijileta wenyewe, mgongo mbovu wa mmoja na nyonga ya plastiki ya mwingine.

"Nyie mtafanya nini hapa?" Janine aliwauliza.

"Tutasimamia," alisema Cliff.

"Simamieni mkiwa mmekaa."

Janine alifunga gesi, akalikumbatia lile jiko kama anavyowakumbatia wachezaji wa timu ya wanawake wanaojaribu kumpita, na akalivuta. Lilitoka likilia. Chini yake ubao ulikuwa mweusi, umeoza kwa miaka ya mvuke na maji ya njegere. La kuvunda halina ubani; Janine alibonyeza kwa kiatu, ukamegeka kama keki.

"Tuutoe wote," alisema. "Tusije tukamzika na Mama humu."

Akaung'oa. Ukaja ubao wa pili, na wa tatu. Harufu ya udongo mkavu ikapanda, udongo ambao haujaona mvua tangu mwaka ule wa ujenzi. Janine akapiga magoti na tochi, akaingiza kichwa, na kwa muda tukaona mgongo wake tu.

"Kuna kisiki humu," alisema.

"Mti?" niliuliza. "Hapakuwa na mti hapa."

"Si mti. Ni cha duara, kimekatwa sawa sawa. Kina rangi. Nyeupe... hapa pana buluu kidogo."

Wilf akasimama. Hakuna mtu aliyemwona Wilf akisimama haraka hivyo tangu baa ilipotoa bia ya bure.

"Buluu na nyeupe," alisema taratibu. "Zile nguzo zetu."

"Za juu," alisema Cliff. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilisema nini? Si nilisema tulikuwa tunapanda?"

"Nyamaza, Cliff."

"Subirini," alisema Janine kutoka chini. "Kuna kitu kimepigiliwa juu yake." Akafuta kwa kidole, akatema mate, akafuta tena kwa mkono wa sweta. Kisha akabaki kimya, na Janine si mtu wa kukaa kimya. Ukimya hakuurithi kwa baba yake.

"Nini, mwanangu?"

"Mama, njoo uone."

Magoti yangu hayapendi sakafu, lakini nilishuka. Katikati ya kisiki, kwa msumari mmoja, kilikuwa kimepigiliwa kibati cha shaba. Tochi ilikiangaza. Mia sita na kumi na nne.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo ule ulinipata kifuani. Nilimwona amesimama juu ya ubao wa mwisho, akigonga kwa kisigino. Hapa. Bomba la gesi. Mikono yote ile aliyoinua mikutanoni. Mapumziko yote yale na kikombe chake, akiangalia sakafu. Mwanamke wake alikuwa amekosa kuiona trai yake kwa sababu ya kumimina chai, naye akaenda akamjengea jiko juu yake, akamsimamisha hapo miaka thelathini, na hakusema neno. Unapajua kuliko mimi, aliniambia. Mshenzi yule. Nililia nikiwa nimeshika ukingo wa shimo, na nilikuwa nacheka pia, na pua ilikuwa inanitoka, na Janine alinishika mabega kama mtoto.

Nilipofuta macho nikamwona Wilf naye yuko chini, kwa nyonga yake ya plastiki, kichwa ndani ya shimo.

"Wilf, unafanya nini?"

"Natafuta jino," alisema.

Hakulipata. Ilibidi tumwinue watatu.

Baadaye tukanywa chai kwenye vikombe vya plastiki, jiko limesimama katikati ya chumba kama mgeni asiyejua akae wapi. Cliff alikuwa ameombwa radhi na kila mtu na hakukubali kusamehe haraka. Janine akapima dirisha kwa macho.

"Haya. Kesho fundi anakuja. Dirishani, si ndiyo?"

"Lirudishe," nilisema.

"Wapi?"

"Pale lilipokuwa."

"Mama! Miaka thelathini umetusumbua! Mwaka jana si ulimwita katibu mbuzi kwa sababu ya jiko hili?"

"Na ni mbuzi. Lirudishe pale pale. Mbao mpya, lakini ule wa katikati muuweke wa kufunguka."

Janine alinitazama, akatazama shimo, akamaliza chai yake. "Sawa," alisema. "Ila wewe na Baba mmenichosha."

Siku ya mechi ya kwanza mvua haikunyesha, jambo ambalo Neville asingeliamini mpaka atoke nje kuhakikisha. Tulimzika asubuhi kabla ya wageni kufika. Kawaida watu wanasimama uwanjani kofia mkononi; safari hii walibanana jikoni kwangu, wengine vichwa dirishani, na mmoja amekalia sinki. Nilifungua ubao, nikamimina majivu kuzunguka kile kisiki, taratibu, kama ninavyomimina mchuzi. Nilikuwa nimeking'oa kibati siku ile ile tulipokipata. Nikafunga ubao, tukasukuma jiko mahali pake, na sote tukaenda mbele kwenye baa. Ndoano ya mia sita na kumi na nne ilikuwa imekaa tupu katikati ya rafiki zake. Nikakitundika. Kilizunguka kidogo, kikatulia. Wilf akasema, "Yuko chini," na wengine wakaitikia, na Cliff akaongeza, "Upande wa juu," maana hakuweza kujizuia.

Niliporudi jikoni nikakuta kioo. Kikubwa, cha lori, kile cha pembeni cha kuangalia nyuma, kimefungwa ukutani juu ya jiko langu. Janine alikuwa anashuka kwenye kiti, bisibisi mdomoni.

"Ukisimama hapo," alisema, "unaona dirisha lote la nyuma yako. Na uwanja. Sasa usiniambie tena habari ya mgongo."

Nikasimama. Niliona mistari myeupe, majani, watu wanapasha misuli, na kona ya bwawa na bata wake mmoja. Nikamwambia kioo chake kimechafuka, na nikambusu.

Mechi ilianza. Niliweka pai kwenye oveni na njegere motoni, nikakata mkate, nikamgombeza mtu aliyekuja kuomba kabla ya mapumziko. Kelele zilipanda na kushuka kama siku zote, ila sasa kila zilipopanda niliinua macho. Karibu na mapumziko mmoja wa vijana wetu, mnene wa mstari wa mbele, mwenye umbo lile lile ambalo nililipikia maisha yangu yote, aliupata mpira pasipo mwenzake wa kumpasia. Akaanza kukimbia. Polepole, jamani, polepole, watu wawili wamemning'inia, kinywa wazi, na nikajikuta nimeinua mwiko juu, njegere zinanidondokea kwenye mkono, napiga kelele peke yangu ukutani. Akafika. Akaanguka na mpira chini ya nguzo, na wenzake wakamrundikia.

Niliiona yote, tangu mwanzo hadi mwisho.

Nikashusha mwiko. Nikagonga ubao kwa kisigino, mara moja, kama alivyokuwa akigonga yeye.

"Hii nimeiona, Neville," nilisema. "Na ile yako pia."